Mafuta ya Thika na Nazi Zetu: Somo la Kunadi Bidhaa na Fikira



Somo letu la mara hii si la msikitini. Ni la sokoni. Na huenda baadhi yenu wakauliza: Masheikh wana nini na soko? Twajibu kuwa fiqhi tuliyosomeshwa na walimu wetu ina mlango mkubwa wa kuuza na kununua, na mwenye kufunguliwa mlango huo chuoni kisha asiufungue dukani, huyo hakusoma ila nusu.

Lililotulazimisha kuandika ni khabari ya kijana mmoja wa mtaa wetu. Kijana huyu alikuwa akitengeneza mafuta ya nazi. Alinunua nazi kwa wakulima wa Kilifi na Kwale, akazikuna kwa mashine ndogo, akakamua tui, akapika mafuta safi yenye harufu nzuri. Nasi twashuhudia kuwa mafuta yake yalikuwa mazuri. Alidumu katika kazi hiyo miaka mitatu, na kila alipolalamika kuwa hayauziki, sisi wakubwa wake tulimpoza kwa methali tuliyoirithi: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwisho aliifunga kazi yake, akaiuza mashine kwa chini ya nusu ya bei aliyoinunulia, na leo humwona asubuhi akisukuma mkokoteni, amepakia makatoni ya mafuta yaliyotengenezwa Thika, anayapeleka madukani kwa ujira wa siku. Siku aliyokuja kutupa khabari hiyo alitwambia neno moja: "Sheikh, watu wote mlinisifu. Lakini aliyenunua mara ya pili ni nani?" Hatukuwa na jawabu, kwani jikoni mwetu wenyewe mlikuwa na mkebe wa Thika.

Neno hilo lilitukaa moyoni. Na tulipopata safari ya bara kwa haja nyingine, tulipitia huko kutazama mafuta hayo yatokako.

Thika ni mji ulioko kilomita arubaini na kitu kutoka Nairobi, katika kaunti ya Kiambu. Reli ilifika huko mwaka 1913, na barabara pana iendayo Nairobi ilikamilika mwaka 2012. Kandoni mwa barabara hiyo, kabla hujafika Thika, ndipo ulipo mji wa Ruiru. Baina ya miji miwili hii pana viwanda vya kila namna: vya kutia mananasi mikebeni, vya nguo, vya mikate, vya chuma, na Ruiru ndipo palipo kiwanda cha maziwa cha Brookside, kilichoanza mwaka 1993. Katika Thika kuna kiwanda cha mafuta ya kupikia cha Bidco. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1985, na kiwanda chake cha mafuta cha Thika kilisimama mwaka 1991.

Sasa tazameni, ndugu zetu, jambo la ajabu. Mafuta haya asili yake ni nini? Aghlabu yake ni mafuta ya mawese yanayotoka Malaysia na Indonesia. Nayo hushushwa wapi? Hushushwa hapa hapa Mombasa, bandarini petu, yakiwa mabichi. Hupakiwa, yakapanda bara zaidi ya kilomita 500, yakasafishwa, yakatiwa mikebeni, yakapewa jina, kisha yakarudishwa kwetu kwa njia ile ile. Yaani yalipita mlangoni petu hayana jina na hatukuyatambua. Yakarudi yana jina tukayakimbilia, hali ya kuwa mnazi umesimama uani.

Atasema msemaji: sababu ni bei. Twasema: kweli, bei ni sababu, wala hatuikanushi. Mchikichi hutoa mafuta mengi kuliko mnazi katika kipande kimoja cha ardhi, na kiwanda kikubwa hupunguza gharama. Lakini bei peke yake haitoshi kuyaeleza mambo yote, kwani wako miongoni mwetu wanunuao mafuta ya mizaituni kutoka ng'ambo kwa bei kubwa kuliko ya nazi. Basi lazima pana sababu nyingine, nazo ndizo tutakazozitaja, moja baada ya moja, ili ajifunze anayetaka kujifunza.

La kwanza ni kumjua mnunuzi kabla ya kumwuzia. Katika mitaa ya Thika kama Makongeni na Kiandutu, na katika mitaa yetu ya Majengo, Kisauni na Likoni, wako maelfu ya watu wapatao ujira wao kwa siku. Mtu wa namna hii hanunui mafuta ya mwezi; hununua ya chakula cha usiku ule. Wenye viwanda walilijua hilo, wakatoa pakiti ndogo ndogo za mafuta, za sabuni na za majani ya chai, na wenye maduka wakauza mafuta ya kupima kwa kikombe. Kijana wetu yeye aliuza chupa ya lita moja tu. Mwanamke mwenye shilingi ishirini mkononi alikuja, akatazama, akapita. Mafuta hakuyachukia, kilichokosekana ni mahali pa kuitia ile shilingi ishirini yake.

Katika kumjua mnunuzi, jingine ni kujua moyo wake una wasiwasi gani. Bidhaa nyingi za viwanda visivyo vya Waislamu huziona leo zina alama ya halali. Mwenye kiwanda alijua kuwa yuko mnunuzi ambaye kabla ya kuuliza bei huuliza jambo hilo, akamjibu kabla hajaulizwa.

Lakini hapa tutaje tahadhari. Kipimo kidogo ni rehema, na chaweza pia kuwa dhulma. Tuseme, kwa mfano tu, lita moja yauzwa shilingi 300, na kikombe cha sehemu ya ishirini ya lita chauzwa shilingi 20. Mwenye kununua vikombe ishirini atakuwa ametoa shilingi 400 kwa lita ile ile. Maskini amelipa mia zaidi kwa sababu ya umaskini wake. Muuzaji ana haki ya kulipwa taabu ya kupima na kufunga, lakini apige hesabu yake mbele ya Mola wake, asiifanye haja ya mtu kuwa ndiyo faida yake.

La pili ni jina, na kulilinda jina. Watu wazima wote wa nchi hii walijua Kimbo tangu utotoni. Mafuta hayo yalikuwa yakitengenezwa na East Africa Industries, kampuni iliyokuja kuitwa Unilever Kenya. Mwaka 2002 Bidco ilizinunua alama za Kimbo na Cowboy. Je, walipozinunua walizifuta wakaandika jina lao? La hasha! Waliziacha kama zilivyo, na mpaka leo watu huita Kimbo, wala wengi hawajui kuwa mwenyewe amebadilika. Wenye akili hao walijua kuwa walichokinunua si mikebe wala mapishi. Walinunua imani ya mama wa nyumbani, kwamba mkebe wa leo utakuwa kama wa jana.

Mafuta ya kijana wetu hayakuwa na jina. Aliyatia katika chupa kuukuu za soda, hii ya kijani, hii nyeupe, pasi na karatasi yoyote. Tena, na hili alilikiri mwenyewe, mwezi mmoja yalikuwa matamu na mwezi wa pili yalianza kuchacha, kwa kuwa chupa hazikukauka vyema kabla ya kutiwa. Aliyeipata chupa njema alitaka kurudi, lakini hakujua aulize nini. Na aliyeipata chupa mbaya aliyahukumu mafuta yote ya nazi, ya kijana huyu na ya wenzake wasio na hatia. Basi jina lina maana mbili: ni njia ya mnunuzi kukurudia, na ni rehani uliyoiweka mkononi mwake; ukikhini, rehani yapotea. Na asiyekubali kuandika jina lake juu ya bidhaa yake, huenda yeye mwenyewe haiamini.

La tatu ni njia ya kufikia. Mafuta ya Thika yako katika kila duka kuanzia Vanga mpaka Kiunga, na hayakufika huko kwa miguu yake. Kuna mwenye kiwanda, kuna mwenye duka la jumla, kuna gari, kuna mkokoteni, kuna duka la mtaani. Na kila mmoja katika mnyororo huu ana faida yake aijuayo. Ufahamu vyema jambo hili: mwenye duka ndiye mnunuzi wako wa kwanza. Kijana wetu alizipeleka chupa zake madukani, akaziacha, akarudi baada ya miezi miwili. Zilipouzwa hakuna aliyejaza mahali pake, na zisipouzwa zilipigwa na jua. Faida aliyomwachia mwenye duka ilikuwa ndogo kuliko ya mafuta mengine, naye mwenye duka ni binadamu: huweka mbele kile kinachomfaa, na kingine hukitia chini ya meza.

La nne ni kukariri. Mtu halishiki neno alilolisikia mara moja. Tazama kuta za maduka yetu zilivyopakwa rangi na majina ya bidhaa, sikiliza redio, tazama magari. Tangazo lile lile, rangi ile ile, neno fupi lile lile, mwaka baada ya mwaka, mpaka mtoto asiyejua kusoma huujua mkebe kwa rangi yake, akitumwa dukani harudi na mwingine. Sisi twaona haya kukariri; twadhani aliyekwisha ambiwa amekwisha sikia. Lakini mwalimu wa chuo huijua hakika yake, kwani hakuna mtoto aliyehifadhi sura kwa kusomewa mara moja.

Hayo ni ya bidhaa. Sasa tuje katika fikira, kwani fikira nazo hunadiwa, na kuzinadi ni kuzito zaidi. Mwenye kununua mafuta hutoa shilingi, lakini mwenye kununua fikira hutakiwa atoe ada aliyoizoea.

Mfano wake tutauchukua Ruiru, katika kituo cha utafiti wa kahawa. Mwaka 1968 mibuni ya Kenya ilipigwa vibaya na ugonjwa unaoozesha matunda yakiwa machanga. Wakulima walitumia fedha nyingi kwa dawa za kunyunyiza. Wataalamu wa Ruiru wakafanya kazi miaka mingi, na mwaka 1985 wakatoa mbuni mpya uitwao Ruiru 11, unaoustahimili ugonjwa huo pamoja na ule wa kutu ya majani. Mti ni mfupi, hivyo shamba moja hubeba miti mingi zaidi. Na gharama ya dawa hupungua. Je, baada ya hayo kulibaki nini ila wakulima kuukimbilia?

Hawakuukimbilia kwa namna iliyotarajiwa. Na sababu zao hazikuwa za upumbavu. Mbegu zilikuwa chache, kwa kuwa hupatikana kwa kuchavusha maua kwa mkono. Kung'oa miti ya zamani ni kukaa misimu bila mavuno, na watoto wataka karo. Na juu ya yote, lilienea neno kuwa kahawa yake haina ladha kama ya SL28 na SL34, miti ya zamani iliyoipatia kahawa ya Kenya sifa yake duniani. Mkulima aliambiwa atakachokipata. Yeye alikuwa akihesabu atakachokipoteza.

Kilichosaidia ni nini? Kwanza, kupandikiza. Mkulima alifundishwa kukipachika kikonyo cha Ruiru 11 juu ya shina la mbuni wake wa zamani, ili asiung'oe mzizi uliokwisha shika ardhi. Pili, shamba la jirani: maneno ya mtaalamu mia hayafiki jicho moja la mkulima lililoona mti wa jirani umebeba bila dawa. Tatu, wataalamu hawakuyadharau malalamiko ya ladha. Waliendelea na kazi, na mwaka 2010 wakatoa mbuni mwingine, Batian, na ladha ilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyaangalia.

Zingatieni masomo haya matatu: usimtake mtu aung'oe mzizi ikiwa yawezekana kupandikiza, mwonyeshe kwa jirani yake, na akilalamika, lisikilize lalamiko, huenda kasoro iko kwako.

Nasi hapa yatupasa tujihesabu kabla ya kuwahesabu wengine. Kabla kijana yule hajafunga kazi yake, halaka yetu iliwahi kunadi fikira ya wenye kutengeneza mafuta ya nazi wa mitaa yetu wafanye ushirika: wawe na jina moja, chupa za namna moja, na gari moja la kupeleka madukani. Fikira ilikuwa njema. Tuliinadije? Tulisimama mara moja baada ya sala ya Ijumaa, tukasema kwa saa nzima, kwa maneno makubwa, tukawalaumu watu kwa uvivu, tukataja fakhari ya wazee wetu na majahazi yao. Watu wakatikisa vichwa, wakenda zao. Hatukuuliza kila mmoja ataingia kwa shilingi ngapi. Hatukumwonyesha mtu chupa. Hatukurudi Ijumaa ya pili. Kisha tukakaa barazani tukasema: Watu wetu hawapendi maendeleo. Wallahi hatukuwatendea haki. Tuliwauzia lita nzima watu wenye shilingi ishirini, katika chupa isiyo na jina, na hatukurudi kujaza.

Sasa yabaki jambo la tano, nalo ndilo linalotenga baina ya muuzaji na mlaghai: ukweli. Asidhani mtu kuwa twamwambia aige kila kifanywacho na wenye kutangaza. Wanavyuoni wetu walikwisha yataja makosa ya soko kabla redio haijazaliwa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita penye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani, akakuta umajimaji uliofichwa chini ya nafaka kavu. Akamlaumu mwenye mali kwa kuuficha, na akamtoa mwenye kughushi katika safu yake. Ilikatazwa kumwacha mnyama bila kukamwa siku kadhaa ili kiwele kijae mnunuzi adanganyike; na leo twaona kasha kubwa, ndani yake nusu ni hewa. Ilikatazwa najashi, nayo ni mtu kupandisha bei pasi na nia ya kununua ili kumghuri mwenziwe; na mwenye kulipwa aisifu bidhaa asiyoitumia, akijifanya mnunuzi tu, hayuko mbali na mlango huo. Na mnunuzi akikuta aibu iliyofichwa, ana khiyari ya kurudisha.

Sheria za nchi nazo zimeelekea huko. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora na khabari za kumwezesha kufaidika nayo, na yataka matangazo yawe ya haki, ya kweli na ya adabu. Basi ni aibu ilioje kwetu, sisi tuliofundishwa hayo karne nyingi kabla, kumwona mmoja wetu akiuza chupa ya mafuta ya habbat sauda na kumwambia mgonjwa wa sukari aache dawa ya hospitali! Ametumia jina la dini kama wengine watumiavyo rangi ya mkebe, naye amewakhasiri watu wawili: mgonjwa katika afya yake, na sisi sote katika sifa yetu.

Na sifa ikivunjika, tangazo haliiungi. Mwaka 2023 magazeti ya Uingereza yalichapisha madai ya ukatili wa walinzi katika mashamba ya mananasi ya Del Monte karibu na Thika. Kampuni ya maduka ya Tesco, iliyoko maelfu ya kilomita mbali, ikasimamisha maagizo yake. Nanasi halikubadilika utamu. Kilichobadilika ni khabari iliyofuatana nalo. Mnunuzi wa leo hanunui kilichomo mkebeni tu. Hununua pamoja nacho namna kilivyopatikana.

Tukirudi katika ile methali, Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, twaona kuwa wazee wetu hawakukosea. Tuliokosea ni sisi katika kuifahamu. Methali yamkataza mwenye kibaya asikifiche kwa maneno. Haimwamrishi mwenye chema akae nacho ndani. Chema hujiuza kwa aliyekwisha kionja. Asiyekionja atakionjaje ikiwa hakikumfikia?

Kwa hiyo tumeazimia, na tunaliandika hapa ili mtuhesabie. Fikira ya ushirika tutainadi tena, lakini si kwa hotuba. Tumekwenda kwa kijana yule, tukamwomba radhi kwa methali tuliyompa badala ya shauri. Ametwambia kuwa kusukuma mkokoteni kumemfundisha alichokuwa hakijui: sasa analijua kila duka, anajua kila mwenye duka ataka faida gani, na siku gani mafuta humwishia. Wenziwe watatu wenye mashine wamekubali kukutana naye. Wataanza na chupa ndogo, za namna moja, zilizokauka, zenye jina na tarehe, katika maduka kumi tu, na kila wiki atapita kujaza. Zikichacha, zitarudishwa na fedha italipwa.

Na ninyi wasomaji tunawaomba jambo moja dogo. Msiyasifu mafuta hayo. Sifa zilikwisha mtosha. Nunueni chupa moja, mpikie nyumbani. Ikiwa mbaya, mrudishieni mkamwambie kasoro yake wazi. Na ikiwa njema, nunueni ya pili.

Wa billahi tawfiq.